Mtu Wangu wa Simu

Jumatatu, 2 Oktoba 1972

Nimeteuliwa tena! Mwaka wa tatu mfululizo. Mwalimu Mkuu, Bwana Walubengo, ametangaza mbele ya walimu wote kwamba mimi, Joram Oluoch, mwalimu wa historia, ndiye nitakayewaongoza vijana wa kidato cha nne katika mambo ya vyuo na kazi. Hakuna aliyepiga makofi. Bi. Waithira wa bayolojia aliuliza kama hakuna mtu mwingine. Wivu tu.

Hawajui naangalia mbali. Nchi hii, ukiwa huna mtu wako ndani ya ofisi, utakaa kwenye benchi mpaka benchi likuzoee. Kwa hiyo nawapanda wanafunzi wangu humo. Bildad nilimpanda benki. Dishon, reli. Zacchaeus, hospitali. Kumebaki simu. Nimeomba simu ya nyumbani tangu mwaka wa sitini na tisa. Nguzo zimepita hapa Otonglo mbele ya mlango wangu, zikaenda kwa muuza mbao. Muuza mbao! Mwaka huu lazima nipate mtu kwenye simu.

Jumatano, 4 Oktoba

Nimempata. Perez Akoth, msichana wa Luanda Kotieno, huko ufuoni mwa ziwa. Sauti safi, Kiingereza cha kutiririka, adabu tele. Akikusalimu unajiona mtu mkubwa. Huyu ni opereta aliyekamilika!

Shida ni moja. Anataka uuguzi. Nikamwambia uuguzi hapana, hospitali tayari nina Zacchaeus. Akanitazama bila kuelewa. Nikakohoa.

Akanieleza sababu. Mwaka jana dada yake, Akinyi, alishikwa na uchungu wa kuzaa kule ufuoni. Boti ya kumvusha ikachelewa. Hakukuwa na muuguzi, kulikuwa na wamama wanaoomba. Perez ndiye aliyemshika mkono mpaka ukapoa. Mtoto pia hakuishi. Alisimulia polepole, macho yakiwa chini.

Inauma, sikatai. Lakini kazi haichaguliwi kwa machozi.

Ijumaa, 6 Oktoba

Jibu limekuja nikinyoa ndevu. Nikajikata, lakini si kitu.

Nilimwita Perez ofisini. Nikamwambia muuguzi huokoa mtu mmoja kwenye kitanda kimoja. Opereta je? Simu zinafika ufuoni karibuni. Mama anaumwa ufuoni, mtu anainua simu, Perez anaitika, Perez anamwita daktari, gari la wagonjwa linaruka. Opereta anaokoa watu wa wilaya nzima akiwa ameketi!

Akaniuliza, basi siku ile kama kungekuwa na opereta mzuri, Akinyi angekuwa hai? Nikasema bila shaka. Nilisema haraka kidogo.

Akafikiri. Halafu akashukuru, akasema mimi ni mwalimu wake, atafuata ninavyomwongoza. Yawa, jamani! Nina kipaji.

Kikwazo kimebaki kimoja. Mahojiano ya uuguzi na ya simu yote ni Jumanne, mjini. Na Bi. Waithira ameshaapa kwamba atampeleka Perez kwa wauguzi yeye mwenyewe. Bi. Waithira lazima asafiri.

Jumatatu, 9 Oktoba

Amesafirishwa. Nilimshauri Bwana Walubengo kwamba wasichana wetu hawajacheza netiboli na shule ya Awasi muda mrefu, na kwamba hakuna anayeijua miili ya binadamu kama mwalimu wa bayolojia. Akakubali. Lori litaondoka kesho alfajiri. Bi. Waithira akauliza tangu lini mwalimu wa historia anapenda netiboli. Nikamjibu afya ni msingi wa taifa. Akamwita Perez pembeni, akaongea naye kitambo. Perez akawa anatikisa kichwa tu.

Jumanne, 10 Oktoba

Nilimpeleka Perez mjini. Nikaona nimwonyeshe njiani matunda ya uongozi wangu. Tukaingia benki. Bildad alinitazama kupitia vyuma vya dirisha akaniambia, Mzee, rudi nyuma ya foleni. Kazi nyingi, kijana. Tukapitia stesheni kwa Dishon. Huyo akasema mzigo wangu wa mwezi uliopita haujalipiwa. Anajifanya mkali mbele ya wakubwa wake. Ni akili hiyo.

Kwenye mahojiano ya simu askari alinizuia mlangoni, mwalimu mzima, nikasimama juani na wauza karanga. Perez akaingia, akatoka. Wamemchukua papo hapo! Walisema sauti kama hiyo hawajaisikia mwaka huu.

Tulipokuwa tunarudi tukapita kwenye lango la wauguzi. Wasichana walikuwa wamejipanga, soksi nyeupe, wanangoja kuitwa. Perez akasimama. Nikamwambia twende, jua kali. Alikuja, lakini alikuwa anageuka nyuma.

Alhamisi, 12 Oktoba

Bi. Waithira amejua. Alikuja mezani kwangu mbele ya walimu wote. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga.

Aliniuliza Luanda Kotieno kuna simu wapi. Nikasema serikali ina mipango. Akasema hajauliza mipango, ameuliza simu. Nikasema kwa sasa bado. Akauliza basi huyo mama mwenye uchungu atainua nini. Walimu wote wakawa wanatazama madaftari yao.

Kisha akaeleza. Wale wauguzi walikuwa wanatafuta msichana wa ufuo ule hasa, asome, arudi kuhudumia zahanati mpya itakayofunguliwa huko. Hakutokea hata mmoja. Nafasi imepewa mtu wa mbali, ambaye ameshasema hawezi kukaa kule ziwani.

Nikamwambia ametoka Murang'a kule milimani juzi na sasa anaujua ufuo wetu kutushinda sisi. Nilitegemea watu wacheke. Hawakucheka. Shukrani ya punda ni mateke! Chai sikumaliza.

Jumatano, 18 Oktoba

Msiba! Perez amepangiwa kazi Mombasa. Mombasa! Mafunzo huko, kazi huko, miaka minne kabla ya kuomba uhamisho. Nimelima mimi, mvua imenyesha kwa jirani. Nilikimbia mjini kuwasihi. Karani aliniuliza kama mimi ni baba yake. Nikasema ni mwalimu. Akaniambia nikafundishe.

Jioni Perez alikuja kunipa habari. Aliuliza jambo moja tu. Mtu akiumwa Luanda Kotieno, simu yake itafika Mombasa?

Bi. Waithira alikuwa hajamwambia habari ya ile zahanati, wala kwamba simu za ufuoni ni maneno yangu tu. Alimhurumia, nadhani. Nami ningemwambia nini? Nikasema itafika.

Akasema sawa, mwalimu. Akaenda kusoma.

Jumatatu, 30 Oktoba

Leo kumekucha na balaa. Nilipotazama dirishani nikamwona Mama Dorca, mamake Perez, anaingia getini na kapu kichwani. Nikajua ameambiwa yote. Nikajifungia kwenye stoo ya vitabu. Bi. Waithira akaja, akafungua mlango, akasema una mgeni. Yule mwanamke hana huruma.

Mama Dorca hakuja kugombana. Aliweka kapu chini, samaki wakavu wamefungwa vizuri kwa majani, akanishika mikono yote miwili. Ero kamano, japuonj, asante mwalimu, akarudia na kurudia. Alisema tangu Akinyi afariki hajalala vizuri, lakini sasa analala, kwa sababu Perez amemweleza kwamba atakuwa kwenye simu, na mama wa ufuoni hatakufa tena kwa kukosa wa kumwitia daktari. Alilia. Mimi nikatazama samaki.

Bi. Waithira alikuwa amesimama mlangoni. Alimtazama yule mama akilia, akaondoka.

Nitasema kweli, maana hapa hasomi mtu. Niliona haya. Nikataka kumwambia yule mama kila kitu.

Lakini yeye hakuwa amemaliza. Alimvuta mbele msichana aliyekuwa nyuma ya gauni lake, mdogo wake Perez, anaingia kidato cha kwanza Januari. Mama akasema huyu ndiye wa mwisho, hana mwingine. Ananiachia mimi nimchagulie njia kama nilivyomchagulia dada yake, kwa kuwa yeye hakusoma, na mimi nina macho. Nikamuuliza yule mtoto anataka kuwa nani. Akasema kwa sauti ndogo, muuguzi.

Nikampa kalamu aandike jina lake. Ana mwandiko mzuri ajabu. Na kule ofisi ya Ardhi, ambako kesi yangu ya mpaka na muuza mbao imelala, sina mtu hata mmoja.