Shujaa wa Lambo Ana Miwani Yangu

Jamani, mwenzenu leo nimeadhirika. Tena mbele ya darasa zima la kisomo cha watu wazima.

Mnajua nilivyo na ugonjwa wa vitabu vya katuni. Nikipita stesheni ya Korogwe lazima nirudi na kimoja, wale wanaume wanaoruka angani na joho mgongoni (na chupi juu ya suruali, sijui nani aliwashauri). Sasa hapa kijijini, huku Misima, nina mwanafunzi anaitwa Bi Mwanahawa. Miezi minne herufi anazijua zote, kuziunganisha zinamshinda. Juma lililopita akaniambia asiposoma mstari mmoja kufikia leo, anarudi kwa mbuzi wake. Akiondoka yeye, kina mama wote watamfuata. Nitabaki nafundisha madawati.

Nikaona dawa ni katuni. Jumamosi kijiji kizima kilikwenda kuchimba lambo la kukingia maji ya mvua. Mimi nikamtumia mwenyekiti wa kijiji salamu kwamba nimeteguka mguu (nimewahi kuteguka kweli, ila mwaka juzi). Nikajifungia ndani, nikachora. Shujaa ameshika sururu, maji yanafurika, watu wanampigia makofi. Chini nikaandika kwa herufi kubwa: Shujaa anachimba lambo peke yake.

Leo alasiri nikaibandika ubaoni. Bi Mwanahawa akasimama, kidole kwenye karatasi. Shu. Ja. A. Jasho linamtoka, na mimi linanitoka. Akafika mwisho, akarudia mstari wote bila kukwama. Nilitaka kulia, sitanii.

Hapo ndipo ningefunga darasa. Lakini kidole hakikuondoka. Kikapanda taratibu mpaka usoni kwa shujaa, kikasimama kwenye miwani. Mkono mmoja wa miwani umefungwa uzi, kama hii yangu. (Ndiyo, nilijichora. Nani mwingine angenichora?)

"Mwalimu," akasema kwa upole, "huyu si wewe?"

Nikaivua miwani, nikaanza kuifuta.

"Basi tueleze. Jumamosi tulikuwa lamboni toka alfajiri, mimi na karai langu la udongo kichwani. Wewe ulichimba upande gani?"

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniuma. Walikuwa wanasubiri jibu kweli kweli. Nikasema mguu. Mwenyekiti, ambaye naye ni mwanafunzi wangu, akauliza mguu upi. Nikaonyesha wa kushoto. Akasema salamu zilizomfikia zilikuwa za wa kulia.

Sasa wakacheka. Walicheka mpaka mzee mmoja akatoka nje kukohoa.

Darasa lilipoisha nikamfuata Bi Mwanahawa mlangoni. Nilikuwa na aibu, nikamwomba radhi, nikamuuliza kama ndiyo ameniaga.

"Kesho nipo," akasema. "Nimeona humu kwenye maandishi watu wanasema mengi. Nataka niwe nayasoma mwenyewe."

Basi mwanafunzi nimempata. Heshima nitakwenda kuitafuta lamboni kesho alfajiri, na atakayenicheka aje na jembe lake.