Kamati ya Heshima ya Mkojo

Idara yetu ina fahari kuutangazia umma kuundwa kwa Kamati ya Heshima ya Mkojo, ambayo mimi ndiye katibu wake. Zamani mfanyakazi akijisikia vibaya alijiendea tu kwa daktari wa njia ya mkojo, kiholela, kana kwamba kibofu ni mali yake. Sasa husimama kwanza mbele ya kamati, akaeleza hali yake kwa sauti inayofika viti vya nyuma. Tukiridhika, tunamruhusu aende.

Wa kwanza kufika alikuwa dereva wa Mwenyekiti, mtu mzima mwenye wajukuu.

"Waheshimiwa, nakojoa damu. Hainiumi, ila mama watoto kaniambia mficha maradhi kifo humuumbua. Kasema nisirudi nyumbani bila kumwona daktari."

"Umekula bitiruti, ile inayogeuza mkojo kuwa mwekundu?" akauliza Mwenyekiti.

"Hapana, mzee."

"Basi kale, halafu tulinganishe."

Wajumbe wakaisifu hoja hiyo kwa usayansi wake. Dereva aliinamisha kichwa. Nilimwonea huruma sana, lakini huruma haikuwamo kwenye ajenda.

Daktari mwenyewe, mama mmoja tuliyemwalika aje kusikiliza tu, akashindwa kunyamaza. "Damu kwenye mkojo haingoji, hata kama haiumi. Na wanaume wa umri wenu, ukiona unaamka kila saa kukojoa, au mkojo unatoka kwa kusuasua, njoo mapema tuangalie tezi dume."

Mwenyekiti akajikohoza. "Na kama mtu, simsemi mtu, amebanwa tangu asubuhi na halitoki hata tone?"

"Huyo aletwe sasa hivi."

Mwenyekiti akainuka, jasho linamtiririka. "Kikao kimeahirishwa. Dereva, washa gari."

"Samahani, Mwenyekiti," akasema mhasibu, dada asiyependa njia za mkato. "Kwa kanuni uliyoitunga, kwa daktari huyu haendi mtu kabla ya kueleza. Tena kwa sauti."

Mwenyekiti akaeleza, huku ameshikilia meza.

"Huku nyuma hatujasikia," akasema mpiga chapa.

Akarudia. Hata mlinzi wa getini alisikia. Tukamruhusu kwa kauli moja, naye akakimbilia mlangoni. Dereva hakusogea.

"Mimi bado sijaruhusiwa, mzee. Nikifika kule nitaitwa mtoro."

"Umeruhusiwa, baba. Wote mmeruhusiwa, na kanuni nimeifuta. Twende, nakuomba."

Wakaenda. Dereva alikutwa na uvimbe mdogo kwenye kibofu, ukatolewa, na daktari akasema amewahi. Mwenyekiti aliwekewa mpira na mfuko wa mkojo, akisubiri kupasuliwa. Kazi hakuacha. Anaongoza vikao mfuko ukining'inia pembeni ya kiti chake cha enzi, nasi wajumbe tunaufuatilia kwa makini kuliko hotuba. Ukijaa, tunafunga kikao.