Kibao cha Shule ya Mzee Isihaka

Jumatatu, 6 Juni 1955. Mbeya.
Baridi kali. Rangi imeganda kwenye kopo. Lakini nina furaha. Mzee Isihaka, mwenyekiti wa kamati ya shule mpya, kanipa mimi kazi ya kibao, si Eliezeri, mchora vibao mwenzangu anayeringia brashi yake ya Nairobi. Mzee anataka maneno haya tu: Shule ya Waislamu. Umaskini huo. Hata Eliezeri angeyaweza.

Jumatano, 8 Juni.
Nimeazima kamusi ya Kiingereza kwa Lutengano, mpishi wa misheni. Kuukuu, haina jalada. Humo nimepata neno la Mwislamu: Mohammedan. Linajaza ubao. Nimeliandika kwa rangi nyekundu, nikafunika kwa shuka, Eliezeri asije akaniibia. Mke wangu Atuganile anasema ningemuuliza mzee kwanza. Hajui biashara.

Ijumaa, 10 Juni.
Watu wengi baada ya sala. Bwana Shauri, mkuu wa wilaya wa Kizungu, naye alikuja na mkewe. Shuka likavutwa. Bi Mwanakhamisi, mwalimu, akauliza hiyo ni shule ya Muhamadi yupi, yule muuza mafuta ya taa? Wakacheka. Bwana Shauri akapiga makofi. Peke yake.

Mzee Isihaka akanivuta pembeni, sauti ya chini.

“Fundi, Mtume tunamfuata, hatumwabudu. Tunayemwabudu ni Mungu. Wazungu walituita hivyo wakidhani sisi kwa Mtume ni kama wao kwa Yesu. Jina letu tunalo.”

Nikamwambia kamusi imeandikwa na wasomi. Akasema wasomi hao hawakumuuliza yeye.

Jumamosi, 11 Juni.
Kazi kapewa Eliezeri. Shule ya Waislamu, herufi zimepinda, na watu wanamsifu. Bila shaka ndiye aliyemchochea Bi Mwanakhamisi.

Jumatatu, 13 Juni. Iringa.
Nimekuja kwa basi, kamusi kwapani. Mzee Muhidini, mfanyabiashara wa hapa, amejenga ukumbi na anatafuta mchora vibao. Ameniambia mara mbili: Ukumbi wa Waislamu. Nimemwambia asiwe na wasiwasi.

Kosa langu la Mbeya nimeligundua. Neno lile lilikuwa jipya mno. Kamusi inalo la zamani zaidi, ambalo Wazungu wa kale waliwaita Waislamu: Saracen. Inasema hao waliwatoa jasho wafalme wa Ulaya. Nani atakataa sifa hiyo? Tena ni fupi. Rangi itabaki.