Pampu, Choo na Mto wa Ardis

Jumatatu, 13 Januari

Wiki ya tatu katika kambi ya magari-nyumba, jangwa la Arizona. Kwetu Minnesota theluji imefika madirishani. Hapa nimevaa kaptula. Raha tupu, ukiondoa mambo mawili madogo: pampu na choo.

Pampu kwanza. Gari-nyumba yetu ina tangi la maji safi, na pampu iliyo chini ya kitanda huyasukuma hadi kwenye mabomba. Zamani ilinguruma tu mtu akifungua maji. Sasa inanguruma kila baada ya dakika kumi, hata tukiwa tumekaa kimya, hakuna aliyegusa kitu. Uzee huo. Hata mimi siku hizi hujisemea peke yangu.

Sasa choo. Maji yanashuka, mengineyo hayashuki. Ajabu, maana mfumo wangu ni bora kuliko wa kambi nzima. Wenzangu hufunga vali ya tangi la choo, husubiri lijae, kisha hulimwaga kwa mkupuo kama watu wa kale. Mimi vali naiacha wazi wiki nzima. Kila kitu kiteremke chenyewe kwa bomba hadi shimo la maji taka la kambi, siku kwa siku. Nilifundisha jiografia miaka thelathini na mitano. Mito naielewa. Nashangaa hakuna aliyewahi kulifikiria hili.

Ardis, mke wangu, si mwingi wa maneno. Leo ametamka kwamba amechoka kutembea hatua mia mbili kwenda choo cha kambi, taulo begani, huku majirani wakimtakia asubuhi njema. Choo kisipopona kufikia Jumamosi, anahamia kwa dada yake Beverly, Yuma, mpaka majira ya kuchipua.

Siku tano. Zinatosha kabisa.

Jumanne, 14 Januari

Nimeanza na pampu, kwa kuwa mwenye kelele huhudumiwa kwanza. Nimechukua mto wa kiti cha mbele, nimeizungushia na kuufunga kwa kamba. Kimya! Dakika kumi, kimya. Ishirini, kimya. Tatizo la kwanza limekwisha kabla ya chai.

Wanda Kowalchuk wa gari la jirani alikuwa amekaa nje akimenya chungwa. Mama wa miaka sabini na minne, kutoka Saskatchewan. Alikuwa fundi bomba maisha yake yote, na hasahau kulitaja. Aliniuliza mbona pampu yangu haisikiki tena. Nikamweleza kwa upole kanuni ya sauti na sufi. Akamaliza kipande chake cha chungwa.

"Mwalimu," akasema, "pampu haikuwa inagombana nawe. Ilikuwa inakuita."

Eti pampu ikinguruma bila mtu kutumia maji, basi kuna mahali maji yanavuja. Nimekagua. Sakafu kavu. Sinki kavu. Chini ya gari kukavu kama mfupa. Choo sikukikagua, kwa kuwa choo huwa na maji, ndiyo kazi yake. Mafundi hupenda kuona ugonjwa kila mahali.

Jumatano, 15 Januari

Siku ya barafu.

Nimesikia kwa wazee wa kambi: tia barafu chooni, endesha gari, vipande vitasugua tangi kwa ndani kama mchanga unavyosugua sufuria. Akili hiyo. Nimenunua mifuko kumi na chupa mbili za sabuni ya vyombo. Nimemimina vyote. Kisha nikaingia kwenye usukani na kuzunguka uwanja wa changarawe, kushoto mara sita, kulia mara sita, nikifunga breki ghafla ili mawimbi yapate nguvu. Ardis alikataa kupanda. Alisimama kando ameshika kikombe.

Mzunguko wa nne watu walianza kunipungia mkono. Nikawapungia. Wa saba wakapunga kwa mikono miwili. Wakarimu kweli, nikawaza.

Bomba la maji taka sikulichomoa kwanza. Liling'oka shimoni likatufuata kama mkia. Na vali, kama ilivyo desturi yangu, ilikuwa wazi. Nimechora duara kumi na mbili za povu kwenye changarawe ya watu, na si povu tu.

Nimeshinda mchana nikimwaga maji na kufagia. Ndani ya tangi hakuna kilichosogea. Taa za ukutani za kupimia tangi zinasema limejaa theluthi mbili. Zimesema hivyo tangu siku tuliyoinunua gari.

Ardis ameshusha sanduku kutoka kabatini. Tupu bado. Ameliweka tu mahali ninapoliona.

Ijumaa, 17 Januari

Jana sikuandika. Nilijaribu waya, kisha ufito, kisha waya wa kuuopoa ufito.

Asubuhi Wanda alikuja bila kuitwa. Namshuku Ardis. Aliinama, akaitazama vali yangu iliyo wazi, akafumba macho. Akaniuliza imekuwa hivyo tangu lini. Nikamwambia tangu tulipofika, na nikaanza kumweleza mfano wa mto. Hakunipa nafasi. Eti maji yana haraka, hutangulia. Mengine hayana haraka, hubaki, hukauka, hupandana. Nimejenga kilima, kasema, na kilele chake kiko chini kabisa ya bakuli. Mtoto wa kambini hulijua hilo kabla hajajua kusoma.

Agizo lake: funga vali, mimina ndoo za maji hadi tangi lipite nusu, acha mpaka kesho jioni. Kilima kitalainika chenyewe. Kisha akataka kuangalia choo chenyewe, kwa ajili ya ile pampu. Nikamwambia pampu ilishapona. Asante, jirani, kwaheri.

Nimefunga vali. Ndoo nane. Tangi la maji safi nalo nimelijaza pomoni, galoni themanini, ili Jumamosi Ardis avute choo kwa heshima. Ameliangalia sanduku, amenitazama, amelirudisha kabatini. Nusu ya ushindi.

Jumamosi, 18 Januari

Siku yenyewe. Niandike kwa utaratibu.

Saa nne asubuhi tulikwenda kwenye chakula cha pamoja cha kambi. Ardis alipika viazi vyake vya oveni vyenye jibini, bakuli likarambwa. Tulikaa hadi saa kumi. Nilitoa maelezo mafupi kuhusu matangi, watu wanne walisikiliza, wawili hadi mwisho.

Tuliporudi, zulia la mlangoni lilikuwa linaelea.

Raba ndogo inayozuia maji ndani ya choo ilikuwa imelika, imekuwa ikipitisha maji tone kwa tone kwa wiki tatu. Vali ikiwa wazi, yalikwenda zake shimoni. Vali ikiwa imefungwa, hayakuwa na pa kwenda. Pampu ikayasukuma siku nzima, kwa bidii, ndani ya mto, bila mtu kuisikia. Tangi likajaa. Kisha maji yakapanda bakulini. Kisha yakaja sebuleni, pamoja na kilima changu, ambacho kilikuwa kimelainika kama Wanda alivyoahidi. Haba na haba hujaza kibaba. Sikujua kibaba chenyewe kingekuwa slipa za Ardis.

Hakupiga kelele. Alivua viatu, akapita kwenye maji, akatoa sanduku. Nilimwomba asubiri nimweleze kilichotokea kisayansi.

"Orville," akasema, "choo cha Beverly hakina nadharia. Unavuta, kinakwenda."

Beverly alimfuata saa kumi na moja na nusu. Hakushuka garini.

Wanda alibadilisha raba kwa dakika kumi na tisa. Nilihesabu. Akaufungua mto kwenye pampu, ukichuruzika, akauchukua kwa vidole viwili kwenda kuutupa. Ameniachia amri tatu: vali ifungwe, pampu izimwe nikitoka, na ikinguruma bila sababu, nimwite.

Jumapili, 19 Januari

Nimefikiri kwa utulivu. Kosa limeonekana: ni la Wanda. Mfumo wangu wa vali wazi haukuwahi kumwaga hata tone sebuleni. Nimeifungua tena, robo tu, kama maafikiano. Nati ya raba yake nayo nimeikaza zaidi, mizunguko mitatu, kwa usalama. Ilitoa mlio wa kukatika. Nadhani ndivyo inavyokaa sawa.

Nimempigia Ardis kumwambia kila kitu kimetengenezwa, arudi. Kaniuliza ni nini kile kinachonguruma nyuma yangu. Nikasema ni upepo.

Pampu inanguruma kila baada ya dakika mbili sasa. Kwa haraka yake Ardis ameusahau mto wake wa kulalia. Nimeukunja mara mbili, nimeufunga kwa kamba. Kimya kabisa.

Mito naielewa.