Pijo ya Cibitoke Inawaka kwa Asilimia Mia

Mheshimiwa mwakilishi wa mkuu wa tarafa, ambaye ametuma udhuru. Mheshimiwa msaidizi wa mwakilishi, ambaye udhuru wake uko njiani. Waheshimiwa mapadri, mashehe, wafanyabiashara, akina mama wa Cibitoke, na wewe dereva Salvator uliyewasha gari hili saa kumi kamili kwa ajili ya sherehe: mimi Cirimwami, Mratibu Mkuu wa Kamisheni ya Juu ya Uchunguzi wa Gari la Wagonjwa Linalowaka na Kuzimika, nawasalimu, nami najisalimu pia, kwa kuwa kazi niliyoifanya ni kubwa. (Makofi ya watu wawili, wote wa ofisini kwake.)

Nimearifiwa kwamba ndani ya gari yumo Mama Léoncie, aliyeshikwa na uchungu tangu adhuhuri, na kwamba inatakiwa afike hospitali ya mjini kabla ya saa moja, wakati barabara zinafungwa na askari hawaulizi mtu swali mara mbili. Namshukuru kwa kukubali kushiriki uzinduzi huu wa rapoti ya Kamisheni. (Mkunga Marguerite, dirishani mwa gari: "Apana, shefu. Mulimusimamisha ku njia.") Ushiriki ni ushiriki.

Ndugu wananchi, Pijo hii ya mwaka sitini na nane ndiyo gari pekee la wagonjwa tulilobaki nalo katika vita hivi na vikwazo hivi, na takwimu zake zinatia moyo: tangu tarehe nne Machi limewashwa mara arobaini na moja na limewaka mara arobaini na moja, yaani mafanikio ya asilimia mia moja. Kwamba huzimika kila baada ya dakika kumi na moja, likapumzika, likawaka tena, hiyo ni sura nyingine ya rapoti. Kamisheni imebadilisha plagi, imesafisha kabureta, imebadilisha bobini ya kuwashia na pampu, na imemhoji dereva. Tumegundua pia kile tulichokiita Athari ya Ijumaa: kila Ijumaa, tukishatia petroli na kungoja muhuri wangu uletwe kutoka ofisini, kifuniko cha tangi kikiwa wazi, injini huunguruma nusu saa bila kusita, nikishakifunga tu, ugonjwa unarudi. Tumewaandikia mashehe kuomba maoni yao. (Kicheko. Fundi Massoudi hacheki. Anatazama nyuma ya gari.)

Hapa naomba nijisifu kidogo. Petroli yetu ilikuwa ikinyonywa kwa mpira na kuuzwa kwa chupa kando ya barabara, ndipo tarehe tatu Machi, kwa mkono wangu huu, nikakizungushia kifuniko cha tangi lakiri nyekundu, nikaziba hadi kile kitundu chake kidogo ambacho sikuona kina kazi gani, nikagonga muhuri. Halijapotea tone. Na atakayeigusa lakiri hiyo atalala mahabusu ya zone, awe nani, awe nani. (Gari linatetemeka, linakohoa, linazimika. Ni saa kumi na dakika kumi na moja.)

Mnaona jinsi takwimu zetu zilivyo za kuaminika. Sasa litapumzika kwa saa moja, nami nitatumia nafasi hiyo kuwasomea kiambatisho. (Léoncie analia kwa sauti. Marguerite anasema mwezi uliopita alizalisha mwanamke ndani ya gari hilihili, limekufa njiani, na mtoto hakupona. Anasema amechoka, na ana hasira.) Kesi hiyo imo katika kiambatisho, ukurasa wa tisa.

(Massoudi anatoa bisibisi na kuivunja lakiri. Anafungua kifuniko, tangi linavuta hewa, fyuuu, hadi watu wa nyuma wanasikia.) Fundi, unajua umevunja nini? ("Najua, shefu. Gari hii haina ugonjwa. Iko inanyonya petroli, lakini hewa haiingii mu tangi. We uliifunga pumzi. Mi unifunge kesho, leo mama aende.")

(Salvator anawasha. Pijo inawaka, inaondoka na utepe wa uzinduzi ukiburuzika nyuma.)

Iandikwe kwamba lakiri imevunjwa chini ya usimamizi wangu.

Nihitimishe. Gari letu! (Watu: "Limeenda.") Uchunguzi! ("Limeenda, shefu.") Nawashukuru wahandisi kumi na wawili wa Kamisheni, ambao wangeteuliwa mwezi huu. Nawashukuru wafadhili wa Kituo cha Kisasa cha Uchunguzi wa Magari pale Zone Industrielle, eneo la viwanda, kwa barua yao ya kukataa, iliyoandikwa kwa heshima. Na kituo chenyewe, ambacho hadi leo hakina hata ufa mmoja, kwa kuwa hakikujengwa. Plagi nilibadilisha mimi, peke yangu, huku nikisoma kitabu. Nilitaka lipone kweli. Na yule mtoto nilimweka ukurasa wa tisa kwa sababu sikujua nimweke wapi. (Kwa mbali Pijo bado inasikika, na Cirimwami anatazama saa yake mpaka dakika kumi na moja zinapita.)

Bado inakwenda. Asanteni kwa kunisikiliza. Na wewe Massoudi, nenda nyumbani kabla barabara hazijafungwa. Hiyo mahabusu nayo ilikuwa katika mradi huohuo wa kituo kisichojengwa.