Ufunguo Unaokufa Kila Saa

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Mzee wa hesabu amestaafu. Meza yake ya dirishani iko wazi! Bosi ametangaza kwamba sisi wawili tunaopeleka mafaili ya zamani ya bima kwenye hifadhi ya mtandaoni tushindane. Atakayetangulia kumaliza fungu lake, mwisho Ijumaa, meza ni yake. Mimi nimekaa kando ya mlango wa choo miaka sita. Watu hunisalimia wakiingia, wakitoka wananipita. Nimenunua ua la chungu la kuweka dirishani. Mke wangu nimeshamwambia meza nimepata. Ni suala la siku tu.

Mpinzani ni Bi Taratibu, anayesoma maelekezo hadi nukta ya mwisho. Leo alikuwa anajaza fomu. Nilimwonea huruma.

Jumanne, tarehe 4 Machi
Tatizo dogo. Hifadhi haifunguki hivihivi. Unapita mlango mmoja wa kampuni: unaweka nywila, simu inauliza kama ni wewe, unabonyeza Ndiyo, unapewa ufunguo wa muda. Maandishi matupu, marefu, hayana kichwa wala miguu. Baada ya saa moja ufunguo unakufa na kazi inasimama. Fungu langu linataka saa nyingi. Nikienda kula, limesimama. Nikipiga soga kidogo tu, limesimama!

Akili nywele, kila mtu ana zake. Komeo, mlinzi wetu wa mifumo, amekataza kuhifadhi ufunguo kwenye kompyuta. Daftari hakulitaja. Basi nikaunakili kwa mkono, niwe nao siku zote. Herufi mia nane na ushee, kubwa na ndogo. Dakika hamsini na tano, vidole vimekufa ganzi. Nikaanza kuuandika upya kwenye kompyuta ili niujaribu. Ulikata roho nikiwa mstari wa pili. Mwandiko lakini ulikuwa mzuri, nisijidhulumu.

Jumatano, tarehe 5 Machi
Dawa imepatikana. Nimetunga programu ndogo ya kuomba ufunguo mpya kila saa, nywila nimeichomeka humohumo. Kilichobaki ni mtu wa kubonyeza Ndiyo, maana kesho siku nzima tuna mafunzo ya Komeo na simu zinaachwa kapuni mlangoni.

Mama mkwe yuko kwetu, goti linamsumbua, hatoki kochini. Nikamwamkia kwa adabu zote, nikamweleza kwamba simu ikiuliza abonyeze Ndiyo. Akataka kujua ikiuliza nini. Nikasema chochote.

Akanitazama. "Mwanangu, kazi ya kusema ndiyo nimeifanya miaka arobaini kwa baba mkwe wako. Lete hiyo simu."

Nina bahati ya wakwe mimi.

Alhamisi, tarehe 6 Machi
Kapuni niliweka simu yangu ya zamani, ile isiyowaka. Nikakaa safu ya mbele. Somo: usikubali ombi usilolijua. Nilitikisa kichwa kuafiki mpaka shingo ikauma.

Kisha Komeo akasema atatutumia sote ombi la majaribio, tuone linavyoonekana kwenye skrini ya ukutani. Akatuhakikishia hakuna atakayejibu, simu zote si ziko kapuni? Akatuma. Ukutani likatokea jina moja, limekubali kwa sekunde mbili. Langu. Akatuma tena. Nikakubali tena. Mara ya tatu, nikakubali haraka zaidi. Mama mkwe ni mchapakazi jamani!

Komeo akaitoa simu yangu kapuni, akaibonyeza, kimya. Akaniuliza kwa upole simu iliyo hai iko kwa nani. Nikasema kwa mama mkwe. Ukumbi mzima ulicheka, bosi akapangusa machozi. Akaunti yangu ikafungwa palepale. Kazi ilikuwa imefika asilimia themanini na moja. Iliniuma, sitaficha.

Ijumaa, tarehe 7 Machi
Meza amepata Bi Taratibu. Alimaliza jana saa nne asubuhi, akiwa amekaa mafunzoni! Kumbe ile fomu ya Jumatatu ilikuwa ya kumwomba Komeo aipe mashine kibali chake yenyewe, iwe inajichukulia funguo mpya bila simu ya mtu. Fomu ya mistari miwili. Amenipa nakala tupu nijaze. Ni karatasi nzuri, nzito, nimeiweka chini ya kikombe cha chai.

Ua nimempa, kwangu lisingeona jua. Ameshukuru, akasema niwe nakuja kulimwagilia asubuhi. Yaani kila siku nina dakika kumi dirishani, bure. Hapo nani kashindwa?

Mke wangu nimemwambia ukweli. Alikuwa anaujua tangu Jumatatu, anasema nikisema kweli huwa sinunui maua.

Jumamosi, tarehe 8 Machi
Komeo amenirudishia akaunti, ila ruhusa ya simu kaifuta. Sasa nina kidude cha kuchomeka kwenye kompyuta, kikiwaka unakigusa kwa kidole. Anasema simu huachwa kwa wakwe, kidole hakiachwi. Aliniapisha nimejifunza. Niliapa kwa moyo mweupe kabisa.

Jumatatu nimeruhusiwa kufanyia kazi nyumbani, nimalizie zile asilimia kumi na tisa. Mama mkwe amekigeuza kidude, akauliza kama kinajua kidole ni cha nani. Swali zuri sana. Tumekijaribu baada ya chai.

Hakijui.