Ombi la Kuandikiwa Koti Kuwa Mume Wangu

Jikoni kwa Mama Wakonyo,
Gitothua, Ruiru.
Aprili, 1958.

Kwa Bwana Msimamizi wa Majumba ya Wafanyakazi,
Kiwanda cha Kamba, Ruiru.

Bwana Msimamizi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Memsabu na mbwa wenu, ambaye nasikia amejengewa nyumba mpya ya bati. Mimi pia ni mzima, isipokuwa mkono wa kushoto.

Jina langu ni Nelima, wa sehemu ya kusokota. Mume wangu ni Absalom, anayefunga marobota ghalani. Mlitupa chumba katika safu ya watu wenye wake, chumba kizuri cha sakafu ya simiti, na tumeishi humo miaka mingi, yeye akinipiga na mimi nikifagia. Kabla ya Krismasi alinivunja mkono kwa mguu wa kiti kwa sababu ugali ulikuwa umepoa. Ulipoa kwa sababu alichelewa kurudi, lakini hilo halikuzungumzwa. Nikatoka, na sirudi. Naomba ulielewe neno hilo kabla hujaendelea kusoma. Na ofisi yako sina ugomvi wowote, nina malalamiko machache tu, nami nimeyatia nambari yasikuchoshe.

1. Nilikwenda kwa karani wako wa majumba, Bwana Erastus, kuomba chumba. Alinipokea vizuri, akanipa hata kiti. Akanieleza kwamba kiwanda kina nyumba za aina mbili: vyumba vya wanaume wenye wake, na bweni la wanaume wasio na wake. Mwanamke hapewi chumba kwa sababu ana mume, na mume ana chumba. Nikamwambia mume huyo ndiye ninayemkimbia. Alifikiri sana, jamani, mpaka nikamwonea huruma, kisha akasema, "Mama, wewe rudi tu kwa bwana yako. Mkosane vizuri." Bwana, nimejitahidi kukosana vizuri tangu niolewe. Labda kuna namna ambayo ofisi inaijua na mimi siijui.

2. Nilikwenda Thika kwa dada yangu Nafuna, anayekaa Makongeni. Chumba chao ni kimoja, na ndani yake wamo Nafuna, mumewe, watoto, mama mkwe na baiskeli. Nililala chini ya meza, miguu yangu ikalala chini ya kitanda cha mama mkwe. Nafuna hakunifukuza, dada wa watu. Alianza tu kuniuliza kila asubuhi kama mkono haujapona.

3. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Kanuni yako inasema mwanamume ambaye mkewe hayupo siku ya ukaguzi atatolewa katika safu ya wenye wake na kurudishwa bwenini. Absalom alipoikumbuka kanuni hiyo, mapenzi yalimrudia ghafla. Alikuja hapa Gitothua na wazee wawili wa kanisa, mkate na sukari, akalia mbele za watu. Alisema hawezi kusahau raha aliyoizoea pale nyumbani, usingizi mtamu, mahali pa kuweka viatu. Nilimsikiliza kwa makini nikagundua kwamba anachokililia ni chumba. Wazee walilia pamoja naye. Hata mimi nililia kidogo, maana sakafu ile nimeisugua mwenyewe.

Nilipokataa, alifanya wanavyofanya waume wote wa safu yetu ambao wake zao wamekwenda nyumbani kupanda mahindi. Aliazima mke. Sijui kama desturi hii imefika ofisini, kwa hiyo nitaieleza. Asubuhi ya ukaguzi mwanamke wa jirani huingia, akafunga kitambaa kichwani, akaketi kando ya jiko na kukoroga. Bwana Erastus husimama mlangoni kwa sababu ya moshi. Uso hauangalii, anaangalia sufuria. Sufuria ikichemka, mke yupo. Absalom alimwazima Aketch wa chumba kinachopakana na chetu, mama mwema sana, aliyekubali akiamini ananihifadhia nyumba yangu. Bwana Erastus akaita, "Nelima?" Aketch akaitika. Kisha akatoka kwa dirisha la nyuma, akakimbia kwake, akabadili kitambaa, akaitika tena, safari hii kwa jina alilopewa na mama yake.

4. Kwa hiyo niliporudi kwa Bwana Erastus kumwambia bado sina chumba, alinishangaa. Akasema, "Nelima ako kwa nyumba, anapika. Nimemwona na macho yangu. Sasa wewe ni nani?" Nikamwonyesha mkono wangu. Akasema Nelima aliyemwona yeye alikuwa akikoroga kwa mikono miwili. Ofisi yako ina Nelima wake, mzima wa afya, mwenye nyumba, asiyelalamika, na mimi nimekuja kumchafulia jina. Kusema kweli namwonea wivu. Ningependa mtukutanishe anieleze anavyoishi na yule mtu bila kuvunjika.

5. Mama Wakonyo ni mjane. Alinikuta nimeketi kando ya barabara na hakuniuliza maswali. Alisema tu, "Ngai! Kuja ndani, mwanangu, lakini utalala jikoni na mbuzi." Mbuzi hana neno. Mwenye neno ni mzee wa kijiji, anayesema kwamba wakati huu wa hali ya hatari kila anayelala hapa lazima ajulikane ni wa nani. Mama Wakonyo akamjibu kwamba mimi ni mtoto wake. Mzee akauliza ni mtoto gani wa Gitothua anayeota kwa Kibukusu. Anakuja kila siku kuuliza mimi ni wa nani, na kila siku sina jibu linalompendeza.

6. Mbwa wenu nimeshamtaja.

Sasa nafika kwenye ombi, maana sikutaka nionekane mtu wa kulalamika tu. Ikiwa mwanamume anaweza kuazima mke kwa asubuhi moja na kuachiwa chumba mwaka mzima, naomba na mimi niruhusiwe kuazima mume. Nimeshampata. Ni koti. Lilikuwa la marehemu mume wa Mama Wakonyo, rangi ya kahawia, limepungua vifungo, lakini likitundikwa msumarini na kofia juu yake ni bwana kamili kwa mtu anayesimama mlangoni. Ukaguzi hufanywa saa za kazi, wakati kila mume yuko kiwandani na koti lake la Jumapili ndilo linalomshuhudia. Kwa hiyo hakuna kanuni itakayovunjwa. Nimekaa na koti hili tangu Januari. Halijalewa, halijanitukana mbele ya wageni, na chakula kikichelewa linangoja.

Niliwaeleza wenzangu wa kusokota mpango huu wakati wa chai, na hapo naomba radhi, kwa sababu umeenea. Wengi wanauliza kama makoti yatatosha. Mmoja ameomba lisilo na mikono kabisa. Naona kiwanda kingeweza kushona makoti ya safu nzima kwa magunia yaliyochakaa, na waume wakahamia bwenini, wakapigana wao kwa wao, nguvu kwa nguvu. Ofisi itapata faida. Tangu niumie nasokota kwa mkono mmoja, na kamba yangu hutoka ikiwa imelegea. Nimetaja kamba kwa sababu nimeona maumivu hayana mahali pake katika ofisi yako.

Nimechoka, Bwana. Nataka mlango ninaoweza kuufunga kwa ndani, na ufunguo niwe nao mimi. Hayo mengine yote nimeyaandika kwa adabu tu, ili usinione mkali.

Nisalimie Memsabu na watu wote wa ofisini. Nisalimie askari wa langoni, aliyeniambia pole alipoona mkono, mtu wa kwanza wa kiwanda kulitumia neno hilo. Mwambie Bwana Erastus sina kinyongo naye, ila siku moja aingie ndani hata kama kuna moshi. Na ukionana na yule Nelima wenu, mpe salamu zangu nyingi.

Ni mimi mfanyakazi wako, na mke wa koti ukipenda,

Nelima (yule mwingine)

Nyongeza. Nilikuwa sijabandika stempu mvua ilipoangusha jiko la Mama Wakonyo. Yeye na mbuzi wamehamia chumba chake kidogo, na mzee wa kijiji amesema jua lisizame nikiwa bado hapa. Kwa hiyo usijisumbue na habari ya koti, na pale nilipoandika kwamba sirudi, pafute. Narudi kwa Absalom leo. Nimepatana na Aketch kwamba nikigonga ukuta mara moja atawaita wanawake wa safu nzima, waje na miiko. Kuta zenu ni nyembamba, hata kikohozi kinapita. Nasikia mna mpango wa kuzijenga upya ziwe nene, wafanyakazi wapate usingizi. Bwana, nakuomba kwa magoti, msiziguse.